Mifarishi ya Uulkan

Nianze kwa kukiri, asije mtu akanishika baadaye. Mimi nina wivu. Si wivu wa kila mtu. Jirani akinunua gari nampongeza na chai yake nakunywa. Wivu wangu wote, tangu nina miaka ishirini na mbili hadi leo nina hamsini na sita, nimemwekea mtu mmoja: Uulkan, mke wa kaka wa mume wangu. Tumeolewa na ndugu wawili, tumekaa ua mmoja miaka thelathini na nne, na sijawahi kuamka nikakuta moshi wa jiko langu umetangulia wake.

Ukimwona hutasema lolote. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitambaa cheupe kichwani, meno mawili ya dhahabu, hutembea mikono kaifumbata mgongoni utadhani mkaguzi wa shule. Katoka Talas, kwa watu wa maharagwe. Miaka ishirini na tisa alikuwa mpishi wa chekechea hapa Bishkek. Watoto aliowapikia uji sasa wana watoto wao, na wakimkuta sokoni humrukia shingoni. Mimi miaka yote hiyo nimeshona nguo karakanani, na halijatokea gauni hata moja likanikimbilia sokoni kunikumbatia. Nyanya zake huiva wiki nzima kabla ya zangu. Mbegu ni zilezile, tulinunua pakiti moja tukagawana, na mgawaji nilikuwa mimi.

Lakini chanzo si nyanya. Chanzo ni juk. Kwetu mwali haendi kwa mume mikono mitupu. Mama yake humshonea mifarishi ya kukalia na kulalia, ndani sufu, juu mahameli au hariri, ikakunjwa na kupangwa juu ya sanduku. Mrundo huo ndio juk. Wageni wakiingia kumwona mwali, kabla hawajamtazama uso wanatazama juk imefika wapi ukutani.

Uulkan alikuja na mifarishi ishirini na saba. Ilikuwa imegusa dari ya mama mkwe nilipoletwa mimi, miaka mitatu baadaye, na yangu tisa. Baba alikufa nikiwa na miaka sita. Mama alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la serikali, na hiyo tisa aliishona kwa macho yaliyokuwa yameanza ukungu. Mama mkwe akaipanga ubavuni mwa ile ya Uulkan. Hakuwa na nia mbaya, ukuta ulikuwa mmoja. Wakaja wanawake wa mtaani kutazama, na mmoja wao akasema, "Hii nayo ni juk, au ngazi ya kupandia ile nyingine?" Wakacheka. Uulkan naye alicheka, nilimwona kwa macho yangu. Siku ile niliapa kwamba nikizaa binti, mfarishi wake wa juu utaguswa kwa ngazi ya kweli.

Nikamzaa Jypar, mmoja tu, Mungu hakuniongezea. Uulkan alikuwa tayari na wavulana wawili, akaja kuongeza wa tatu. Hakuja kumwona mwanangu siku arobaini nzima, eti ana mafua, na sisi tuko ua mmoja, mlango kwa mlango. Mafua gani ya siku arobaini! Nikayaweka moyoni pamoja na kile kicheko.

Mfarishi wa kwanza wa Jypar niliushona hajaota jino. Vipande vya mahameli nilivipata karakanani, sufu nilinunua vuli kwa wachungaji wakishuka milimani. Mwaka mzuri mfarishi mmoja, mwaka mzuri sana miwili, mwaka mbaya hakuna. Jypar alipofika miaka ishirini na nne ilikuwa ishirini. Na kitanda na kabati nilikwisha kumnunulia, na zulia la sufu, na seti ya chai. Vyote vilikaa chumba cha nyuma vimefunikwa shuka, na mimi kila Ijumaa nilifunua kidogo, nikatazama, nikafunika.

Sasa nyumba. Mwenye kujenga maghorofa alikuja akautaka upande mmoja wa shamba la mitufaha ya baba mkwe, akalipa kwa nyumba mbili katika ghorofa lake, moja kwa kila ndugu. Ghorofa ya sita, milango inatazamana. Vyumba viwili, jiko, roshani. Ukisimama kwenye korido hujui ipi ya nani. Kwa mara ya kwanza maishani mimi na Uulkan tukawa sawasawa. Furaha hiyo nilikaa nayo wiki moja.

Wiki ya pili lori likasimama langoni kwetu kuuliza njia. Nilikuwa nakung'uta zulia.

"Mama, ghorofa jipya liko wapi? Tuna makochi ya mama Uulkan."

"Makochi gani?"

"Ya kijivu. Na friji, na mashine ya kufulia, na televisheni. Kubwa hiyo, nusura isiingie garini."

Niliwaonyesha njia. Niliwaelekeza vizuri kabisa, kisha nikalipiga lile zulia mpaka Medet, mume wangu, akatoka ndani kuuliza limemkosea nani.

Wanawe Uulkan wawili wako nje wanafanya kazi, ndio waliotuma. Hilo nalijua. Lakini roho yangu haikutaka sababu, ilitaka makochi.

Jioni ile nilimwambia Medet na sisi tuweke samani. Medet ni mtu wa maneno machache, alikuwa fundi wa matrekta. Akapulizia chai yake.

"Tuipangishe tupu," akasema. "Anayekuja na kabati lake hahami hovyo. Kulishusha kabati ghorofa sita si mchezo."

"Dada Uulkan kaweka kila kitu."

"Dada Uulkan ana watoto wa kutuma. Sisi tuna Jypar na mshahara wake wa ualimu. Nasipa, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwenye mbacha."

"Nimesema methali, mke wangu. Sijataja jina."

Nikaenda kwa dalali, kijana mmoja anakaa na simu tatu chini ya ghorofa lenyewe. Naye hakunisaidia. Alisema nyumba tupu hupata familia, watu wa kukaa miaka, ila kodi yake ndogo. Yenye samani hupata kodi nono, ila mwezi wa kwanza kitapotea kijiko, wa pili kitavunjika kiti, na mwenye nyumba atazeeka kwa kuhesabu vikombe.

"Wewe ungefanya nini?" nikamuuliza.

"Mama, mimi ningetazama nina nini ndani. Kama huna cha kuweka, usikope ili uweke."

Sikukopa. Ningekopa ingekuwa heri.

Uulkan alinialika. Alisimama dirishani kwangu mikono nyuma, akasema, "Mdogo wangu, hujaja kuiona nyumba. Njoo tukanywe chai, makochi hayajakaliwa bado."

Nilimwambia nina kazi. Kila siku nilikuwa na kazi. Kwetu anayeona kitu kipya kwa mara ya kwanza, awe mtoto mchanga, awe mwali, iwe nyumba, hutoa zawadi yoyote, ndiyo korumduk. Nitoe korumduk kwa makochi ya Uulkan! Afadhali ning'oe jino nimpe. Lakini kuona nilitaka, wivu nao una njaa yake. Nikapanda ghorofa ya sita, nikajifungia katika nyumba yangu tupu, nikatega jicho kwenye tundu la mlangoni, nikangoja mafundi wake wafungue. Walipofungua nikaona kipande cha kochi, pazia la maua ya dhahabu, na mguu wa Uulkan katika soksi ya sufu. Nikasimama pale mpaka shingo ikakakamaa. Korumduk sikutoa, kwa kuwa sikuhesabu kwamba nimeona.

Niliporudi nilienda moja kwa moja chumba cha nyuma nikavuta shuka.

Jypar alikuja kutoka shule akakuta kitanda chake kiko mlangoni kimefungwa kamba.

"Mama, hivyo ni vyangu."

"Ni vyako, nani kakataa? Vinakusubiri. Vikisubiri huku au vikisubiri kule, tofauti iko wapi?"

"Kule atalala mtu."

"Atalala kitandani. Kitanda ni mbao."

"Na mifarishi?"

"Mifarishi ni ya kuonekana. Nitaipanga ukutani, nani ataigusa?"

Jypar akaishika ile kamba, akaiachia. Si mtoto wa kujibizana, na hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mama yangu alikuwa akisema mfarishi wa mwali haulaliwi kabla ya mwali mwenyewe, unaondoka na bahati yake. Nilimsikia mama yangu siku ile kabisa, sauti yake na kikohozi chake. Nikamwambia anyamaze kidogo, nina haraka.

Nilipomaliza, nyumba ilinitoa machozi. Zulia la sufu sakafuni, kitanda, kabati, vikombe vya bluu, na ukuta wa sebule nzima juk ya mifarishi ishirini. Dari za siku hizi ni fupi, Mungu azibariki. Mfarishi wa juu, mahameli mekundu, uligusa dari. Nikamwita Uulkan mwenyewe. Safari hii nilimwita mimi.

Alikuja na korumduk yake mkononi, kitambaa cheupe cha hariri, kipya, tena kizuri kuliko nilivyotaka kiwe. Akanivika mabegani. Halafu akasimama mbele ya juk akanyamaza. Mtu ambaye hanyamazi hata akimeza! Akaupapasa ule mfarishi wa nne kutoka chini, wenye maua, ninaoukumbuka kwa kuwa niliushona Jypar ana surua.

"Umeshona mwenyewe yote?"

"Yote."

"Hii ni ya Jypar."

"Ni ya nyumba," nikasema.

Akanitazama, akatazama tena mifarishi, na usoni mwake nikaona kitu nilichokuwa nakisubiri miaka thelathini na nne. Alikuwa na wivu. Namjua mtu mwenye wivu, najiona kila siku kwenye kioo. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Mpangaji alipatikana ndani ya siku tatu. Msichana wa kigeni, Alina, kazi yake kompyuta, ana paka mmoja wa kijivu. Dalali alimwonyesha ya Uulkan kwanza. Akaitazama, akasema nzuri. Akavuka korido akaingia kwangu, akapiga kelele kama aliyekanyaga mwiba: "Ee, vitu hivi kashona nani?" Hakuomba kupunguziwa hata senti. Nyumba ya Uulkan ikakaa mwezi baada ya mwezi, televisheni yake inatazama makochi. Mimi nikawa napita uani naimba. Medet akasema sijaimba tangu Jypar aanze shule.

Uulkan aliniletea malai na jamu ya aprikoti, kama kila mwaka. Nikamwambia, "Dada, pole, wapangaji siku hizi wanapenda vitu vya mkono." Nilisema hivyo, na mdomo wangu ukiwa na jamu yake.

Septemba, Jumapili, wakaja watu wa Kochkor kuposa. Kijana ni mwalimu mwenzake Jypar, tulikuwa tunamsikia sikia. Mama yake, Zuura, mwanamke mrefu asiye na haraka, akamtia Jypar hereni masikioni, na hereni ikishaingia sikioni neno limekwisha. Harusi wakaitaka kabla ya theluji kufunga njia. Wiki nne. Nikasema ndiyo, karibuni, mwanangu ni wenu. Zuura akawa anakunywa chai na kutazama ukuta wangu wa sebule, ambao ulikuwa mtupu.

"Wa kwetu," akasema kwa upole, "wanapenda kuona juk."

"Wataona," nikasema.

Asubuhi yake nikapanda ghorofa ya sita. Alina alinifungulia kwa furaha. Juk haikuwepo. Pale ukutani palikuwa na baiskeli.

"Mifarishi iko wapi?"

"Ipo, ipo! Tunaipenda sana!" Akanizungusha. Miwili roshani, ambako yeye na wageni wake hukaa kuvuta sigara. Mmoja umekunjwa chini ya mlango kuzuia baridi. Minne ilikuwa imelaliwa na rafiki zake waliokuja kutoka kwao, ikamwagikiwa divai, ikafuliwa na maji moto katika mashine, sufu ikaganda mabonge. Mingine sita imetandikwa chini ya meza na viti kwa ajili ya miguu, imekanyagwa mpaka imechanika. Na ule wa mahameli mekundu ulikuwa ndani ya kabati la Jypar, mlango umeachwa wazi kidogo kwa heshima, na juu yake paka amezaa watoto watano.

"Alichagua mwenyewe," Alina akaninong'oneza. "Ule ndio mzuri kuliko yote."

Nilikaa kitandani. Msichana wa watu aliponiona nalia akalia na yeye, akasema, "Mama Nasipa, uliniambia nijisikie nyumbani." Ni kweli, nilimwambia. Hakuwa na kosa. Kwao mfarishi ni kitu cha kulalia, na mimi sikumweleza tofauti, kwa sababu kumweleza ingekuwa kukiri mbele ya mtu kwamba nimeanika vyombo vya mwanangu dukani.

Mizima ilikuwa sita. Mimi niliolewa na tisa, mtoto wa mjane. Binti yangu ana baba, ana mama mwenye cherehani, na ana sita.

Nikaibeba yote nyumbani kwa teksi, nikaanza kufumua. Mfarishi wa sufu huufui tu. Unaufumua, sufu unaitoa, unaiosha, unaianika, unaichapa kwa fimbo mpaka inafumka, ndipo unashona upya. Ni kazi ya jua la Agosti. Sasa ni Oktoba, mvua. Kitambaa kingine kilikuwa kimechanika, kingine kina tundu la sigara. Nilishona mpaka vidole vikapasuka. Katika wiki mbili nikaokoa mitatu. Sita na mitatu. Hesabu hiyo naomba nisiiseme.

Ua wetu ni mmoja, huwezi kuficha sufu ua mzima. Niliianika nyuma ya banda la kuku. Siku ya kumi na tano Uulkan akaja hadi nyuma ya banda la kuku, mikono mgongoni.

"Sufu huanikwa Agosti, mdogo wangu."

"Najua inaanikwa lini."

"Naona umeianika vuli. Kuku watapata baridi wakitazama."

"Dada Uulkan, kama umekuja kucheka, cheka. Ulicheka mwaka ule mbele ya mama mkwe, leo una sababu nzuri zaidi. Cheka uende."

"Mwaka gani?"

"Mwaka gani! Nilipoletwa. Aliposema yule juk yangu ni ngazi ya kupandia yako. Ulicheka."

Akafikiri kweli. Nilimwona anatafuta kichwani. Hakukumbuka! Mimi nimekula na kicheko kile miaka thelathini na nne, na mwenyewe hakukumbuka kama alicheka.

"Labda nilicheka," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na tano na mimba mdomoni, nilikuwa nachekea kila kitu ili nisitapike. Wewe hiyo umeibeba mpaka leo?"

"Nimeibeba."

"Basi na mimi nina yangu." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, huku anashika goti lake bovu. "Ulipomzaa Jypar sikuja siku arobaini."

"Ulikuwa na mafua."

"Mafua gani? Unaona mtu na akili zake anakohoa siku arobaini? Nasipa, nilikuwa nakaa dirishani natazama nepi zako kwenye kamba. Nilitaka binti tangu nazaliwa. Mama yangu alinishonea mifarishi ishirini na saba, nikasema na mimi nitashona ishirini na saba. Nikazaa mvulana. Nikazaa mvulana. Wewe ukaja na tumbo lako la kwanza, pu, msichana. Nikasema sitoi korumduk kwa mtoto yule, nikitoa nitakufa. Baadaye nikaona haya, na kadiri siku zilivyopita ndivyo haya ilivyozidi, mpaka mtoto akaanza kutembea mwenyewe akaja mlangoni kwangu kuomba mkate."

Kuku mmoja akapanda juu ya sufu na hakuna aliyemfukuza.

"Mwaka huu uliniita nije nione ile juk," akaendelea. "Ulinichoma, nakwambia. Sikuchomwa na nyumba wala na mpangaji, Mungu akupe kumi. Nilichomwa kwamba kuna mtu ana binti wa kumshonea, halafu anasema ni ya nyumba."

Akainuka akaenda. Nilidhani kamaliza. Akarudi na mifarishi miwili begani, akaiweka juu ya benchi pakavu, akaenda tena. Kila safari miwili, na lile goti. Sikumsaidia. Nilikuwa nimesimama, nimeshika fimbo yangu ya kuchapia sufu. Akaleta kumi na minne.

"Hii ni ya mama yako," nikasema. Niliijua. Niliikariri ukutani mwa mama mkwe, rangi kwa rangi.

"Ya mama. Wake wa wanangu watakuja na yao, siku hizi wanakuja na magodoro ya dukani. Hii inamsubiri nani, nondo?"

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, dada."

"Nani kakuazima? Hii ni korumduk ya mtoto. Nimechelewa miaka ishirini na nne, nimekuja na riba."

Nilitaka kumkumbatia. Naapa nilitaka. Lakini jambo la kwanza lililonijia, kabla ya shukrani, ni kwamba mishono ya mama yake ni midogo kuliko yangu, imenyooka, hata baada ya miaka arobaini hakuna uliolegea. Na jambo la pili ni kwamba hata kwa wema kanishinda. Nikasema, "Asante, dada," sauti ikatoka ndogo.

Kitanda na kabati ilibidi vitoke vimfuate Jypar. Alina akahamia upande wa pili wa korido, kwenye makochi ya kijivu, yeye na paka sita. Uulkan akampokea, akamletea paka maziwa. Kwa hiyo hata mpangaji akawa wake. Yangu ilibaki tupu, ukipiga chafya inajibu, na Medet hakusema nilikwambia. Nilimwomba aseme, hakusema.

Siku ya kuchukuliwa mwali, juk ilisimama sebuleni kwangu juu ya sanduku, mifarishi ishirini na mitatu. Ya Uulkan chini, kumi na minne, yangu tisa juu, na juu kabisa ule mwekundu, nilioufumua na kuufua mara tatu. Watu wa Kochkor wakaingia. Wakatazama juk, kisha wakamtazama mwanangu, na nikamwona Jypar ananyoosha mgongo. Hicho ndicho nilichokitaka maisha yangu yote, mgongo wa mwanangu umenyooka mbele ya watu.

Zuura akaweka mkono kwenye juk, akaanzia juu anashuka, polepole, mfarishi baada ya mfarishi. Mkono ulipovuka yangu ukaingia kwenye ya chini, ukasimama. Ulisimama kwenye ule wa kijani. Akainama akatazama mishono karibu.

"Mkono wa nani huu?" akauliza. "Sijaona mkono kama huu tangu bibi yangu afe."

Uulkan alikuwa karibu na birika. Alisema kabla sijavuta pumzi, "Mkono wa mama yake."

Zuura akanigeukia. Wote wakanigeukia, wanawake ishirini, na nyusoni mwao kulikuwa na heshima ile ambayo watu humpa Uulkan siku zote. Nilikuwa na nafasi ya kusema jina moja tu, la marehemu. Nikasema, "Miaka ishirini na nne nimeshona."

Uulkan hakuniangalia. Akamimina chai, akampelekea Zuura piyala kwa mikono miwili, akarudi kwenye birika lake.

Jypar yuko Kochkor sasa, ana mimba. Nyumba ya ghorofa ya sita nimeipangisha tupu kwa mtu na mkewe, wameoana mwaka huu; bi harusi alipanda na kabati lake, na magodoro, na juk ndogo, mifarishi saba. Niliihesabu ikipita mlangoni nikamsifu sana, nikatoa korumduk. Kisha nikavuka korido, nikagonga kwa Alina, nikaingia kuyaona makochi ya kijivu, mwaka mzima umepita. Uulkan alikuwepo anabadilisha taa. Nikamwekea kitambaa cheupe mabegani. Akasema, "Mbona mapema hivyo?" tukacheka.

Kule Kochkor bado wanasema mama yake Jypar ana mkono wa ajabu. Zuura ameniomba nimshonee mjukuu mfarishi mmoja, kama ule wa kijani. Sijui kuushona. Wa kijani na mingine kumi na mitatu ya chini yake aliishona Batma wa Talas, mama yake Uulkan, na mimi nilisimama mbele ya watu ishirini nikasema ni yangu.